Chupa ya Tatu

Benaco, Ngara
8 Desemba 1996

Mdogo wangu Bonifasia,

Marahaba sana. Shikamoo yako nimeipokea, nikaisoma mara mbili, kwa sababu ni ya kwanza unayoniandikia tangu uwe mke wa mtu. Mimi ni mzima wa kutembea. Bega la kulia linauma asubuhi, likishapata moto wa kazi linanyamaza. Wewe u hali gani? Shemeji Badru hajambo? Mama mkwe wako nasikia magoti yanamsumbua wakati huu wa mvua. Mpe pole, na shikamoo yangu mfikishie. Lakini barua hii usimsomee. Utaona kwa nini.

Samahani kwa mwandiko. Unajua shule niliiachia darasa la tano, na vidole vya mtu anayebeba magunia kutwa havipatani na kalamu.

Umeniandikia kwamba yale mafuta ya Kiarabu niliyokuletea kwa harusi yamewashangaza watu wa kwako. Kwamba mama mkwe, ambaye kabatini ana chupa za Bukoba na za Mwanza, alikunusa shingoni, kisha akauliza kaka yako kibarua ameyatoa wapi mafuta ya namna ile. Na kwamba sasa anataka chupa mbili, moja yake na moja ya dada yake, kabla ya mwezi wa mfungo kuingia. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu kicheko kikakatika. Mafuta yale hayapo tena, Bonifasia. Na nikisema hayapo nikaishia hapo, utadhani nimekunyima. Kwa hiyo vumilia nieleze toka mwanzo.

Unakumbuka mwenyewe ulivyoniandikia mwezi wa nane. Ulisema nisithubutu kukuletea mafuta ya kopo ya dukani, kwamba unaolewa kwa watu wanaojua marashi kama sisi wa Nyarubungo tunavyojua ndizi, na ukiingia na mafuta ya kopo watakunusa toka mlangoni wajue wameletewa nini. Mama naye alikuwa bado analia mambo ya dini. Nikaona kama siwezi kumfuta mama machozi, basi angalau wewe usiaibike.

Hapa kambini kwa wakimbizi alikuwako mama mmoja wa Rwanda, mjane, jina lake Eufrazia. Upepo wa mwezi wa nane ulichana shitingi, ile plastiki ya kuezekea, ya kibanda chake, na miti ya paa ilikuwa imeliwa na mchwa. Nilimjengea upya kwa Jumapili nne. Kila nikifika ananipa chai ya mchaichai na kigoda, nami namwamkia kama ninavyomwamkia mama. Kazi ilipokwisha alisema hela hana, lakini ana kitu. Akatoa mkebe wa biskuti, ndani mna nguo ya mtoto, ndani ya nguo mna chupa tatu ndogo za kioo, nene, zenye vizibo vya kioo vilevile. Alisema marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, akienda Mombasa anarudi nazo. Akasema nichague moja.

Nikashika ya kwanza ninuse kizibo. Akanipiga mkono kama mtoto aliyeingiza kidole kwenye mboga. Akaniambia mafuta hayachaguliwi kwa kizibo, kwa maana kila mwili una tabia yake. Nipake moja kwa siku, niende kazini kwangu, na yale yatakayokuwa bado yapo jua linapozama, hayo ndiyo yangu. Nikamwambia si yangu, ni ya mdogo wangu bibi harusi. Akasema damu ni moja.

Basi siku tatu nilibeba mahindi ya wakimbizi huku nimejipaka manukato ya matajiri. Siku ya kwanza ilikuwa miski. Modestus, mpagazi mwenzangu wa Bukiriro, alinikuta mlangoni kwa ghala akaniuliza kama nimelala sakristia au nimelala kwa mke wa mtu, ajue aniitie padri au aniitie mwenye mke. Ghala zima likacheka. Lakini kufika saa nne vumbi la mahindi lilikuwa limeimeza miski yote, na jioni nilinuka gunia kama siku zote.

Siku ya pili ilikuwa udi. Hiyo ilikuwa na nguvu, nzito, ya moshi. Tulikuwa tunapanga maharage, mara nyapara wetu Privatus akasimama, akanusa huku na huku, akapiga kelele kwamba kuna moto unafuka chini ya magunia. Akatupanguisha safu mbili nzima, gunia kwa gunia, tunatafuta moto. Mimi natafuta kuliko wote. Modestus alipogundua alikaa chini akashika tumbo, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba nikileta tena mzimu wa Kiarabu humo ndani ataniwekea gunia la kwake kichwani.

Siku ya tatu nilipaka ile chupa isiyo na karatasi ya jina. Asubuhi haikunuka kitu, nikasema nimepakwa maji. Saa sita jasho lilipotoka, ikaja. Sijui kuieleza, na wewe umeivaa. Kama waridi lililokaa kwenye nyumba yenye moshi, na kitu kingine chini yake cha moto kidogo, kama mtu anayekupumulia karibu. Jioni ilikuwa bado ipo. Tulipokaa nje kungoja malipo, Modestus alikuja kukaa upande wangu. Nikamuuliza leo hanitukani? Akasema leo amekosa tusi linalofaa.

Nikarudi kwa Eufrazia nikamwambia ni hii. Akasema hapana, chukua udi, udi ndio ghali, wenye akili huchukua udi. Akaniwekea chupa ya udi mkononi. Mimi nikaona mama huyu ananipunja baada ya Jumapili nne za jua, nikasema alinipa ruhusa ya kuchagua na nimechagua. Akairudisha ile ya udi kwenye mkebe. Kisha akanipa, bila kuniangalia. Niliiinua kwenye mwanga nikaona chini mna karafuu mbili zimelala. Wewe pia umeziona. Nikadhani ni mapambo.

Sasa sikiliza. Siku hiyohiyo, jua likiwa linazama, nilipita kwenye bomba la maji. Wanawake wamepanga madumu. Mmoja, kijana tu, pengine umri wako, alitoka kwenye foleni akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama mtu aliyeteleza. Wenzake wakaanza kupiga vigelegele na kumtania kwamba leo amepata mume wa Kitanzania. Yeye hakuwasikia. Aliuliza harufu ile nimeipata wapi. Kiswahili chake kidogo, lakini lugha yao na Kisubi chetu si mbali sana, tukaelewana.

Anaitwa Verediana. Aliniambia harufu ile ni ya shangazi yake Ildefonsa, mke wa mfanyabiashara huko kwao Kibungo, ndiye aliyemlea. Alisema haiuzwi popote. Shangazi alikuwa ananunua waridi kwa Mwarabu na udi kwa Mwarabu, halafu anachanganya mwenyewe, na ndani anadondosha karafuu mbili, daima mbili, moja ya mume na moja ya mke. Mwezi wa nne mwaka ule wa vita Ildefonsa aliuawa nyumbani kwake pamoja na watoto, na nyumba ikabebwa yote mpaka mabati na milango. Verediana alikuwa ameolewa kijiji kingine, akakimbia na watu wa mume. Kaburi hajaliona, picha hana. Nikamsikiliza, tukaachana.

Kesho yake nilikwenda kwa Eufrazia. Nilimuuliza waziwazi, maana mimi sijui kuzunguka. Kwanza alisema tena habari za Mombasa. Nikamtajia jina Ildefonsa. Akaweka kikombe chini. Akasema ndiyo, alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na asubuhi ile alimpitishia mkebe juu ya ukuta akamwomba amtunzie. Nikasema vizuri, basi mtoto wa kaka yake yuko hapa, mtaa wa pili, anahangaika hana hata kumbukumbu, mbona hukumpelekea? Hakusema hajui kwamba yupo. Alisema, nakuandikia kama alivyosema: “Nikimpa chupa, ataniuliza vingine.”

Vingine vipi, mama? Alikunja ile nguo ya mtoto polepole, akaingiza kwenye mkebe, akafunika.

Toka siku hiyo, Bonifasia, mimi sielewi. Nikikumbuka chai ya mchaichai na pole alizonipa, naona mtu aliyeachiwa amana akaogopa kuitoa. Nikikumbuka neno lile, naona mtu mwingine kabisa amekaa kwenye kigoda kilekile. Na ile nguo ya mtoto ni ya mtoto gani? Yeye hajawahi kuniambia alikuwa na mtoto. Gunia likishashonwa, mpagazi hajui limebeba nini, anajua uzito tu. Nilijaribu kumweleza Modestus, akasema mimi ni kuli si hakimu, nipeleke mafuta harusini. Nikampa dereva Anatory chupa, akakuletea. Ukaivaa. Ukapendeza, kila mtu kasema.

Nimefika mahali ambapo nilitaka kusaini barua, nimeinuka, nimekunywa maji, nimerudi.

Huko juu nimeandika kwamba mimi na Verediana tuliachana. Hatukuachana hivyo. Alipokwisha kusimulia, aliniuliza kama chupa ninayo. Ilikuwa mfukoni, nimeishika kwa mkono huu ninaoandikia. Nikasema sina, kwamba nilipakwa tu na mchuuzi gulioni na mchuuzi keshaondoka. Akaniuliza kama niliona karafuu. Nikasema sikuona karafuu. Basi akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaniomba kitu kimoja: nimruhusu akipitishe shingoni kwangu, ili apate kidogo kilichobaki. Wale wanawake walikuwa wanatazama na kucheka. Mimi nikaona aibu, kijana wa watu anifute shingo mbele ya bomba. Nikamsukuma mkono. Si kwa nguvu, lakini nilimsukuma. Nikaenda zangu kwa haraka, na nilipofika kwangu nilinawa shingo kwa sabuni ya kufulia.

Sikuogopa kwamba chupa ni ya wizi. Wakati ule sikuwaza wizi. Niliogopa atasema ni yake, nami nitakuwa sina cha kukuletea, na wewe utaingia kwa watu na mafuta ya kopo. Hiyo ndiyo sababu yote. Ni ndogo, lakini ndiyo hiyo.

Sasa wiki hii limesomwa tangazo: wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Kambi imechafuka. Wengine wanafunga mizigo ya kwenda kwenye daraja la mpakani, wengine wanasema watakimbilia porini upande wa kwenu Biharamulo. Kibanda cha Eufrazia jana nimekikuta kitupu, shitingi niliyoishona mwenyewe imeng'olewa. Sijui amekwenda upande gani, wala kwenda upande fulani hakunipi jibu, maana hapa wanaogopa kurudi wenye makosa na wasio na makosa. Verediana bado yupo. Nimemwona kwa mbali amefunga sufuria zake kwenye mkeka. Sijamkaribia.

Ninachokuomba ni hiki. Umesema unaipaka Ijumaa tu, kwa hiyo naamini imebaki. Mpe Anatory chupa hiyo. Analala Biharamulo siku moja tu, Jumatano anageuza. Najua ninachokuomba. Najua mama mkwe atauliza, na utakosa la kumwambia, na waliokusifu watasema mafuta yalikuwa ya kuazima. Mzigo huo nimekutwika mimi na sina kata ya kukuwekea kichwani. Ungekuwa mdogo wa kuamrishwa ningekuamrisha, lakini sasa una nyumba yako, nakuomba tu.

Verediana sijamwahidi kitu. Nilitaka nisubiri nione Anatory anarudi na nini, ndipo nimfuate. Kumbe nilivyokuwa naandika nimeona huo nao ni ujanja. Kwa hiyo nikishafunga barua hii nakwenda kwake. Nitamwambia chupa ilikuwa mfukoni, na karafuu ni mbili, na iko kwa mdogo wangu, na huenda ikaja, na huenda isije.

Msalimie Badru. Mama ukimwona Nyarubungo mwambie nakula vizuri. Watani wote waliocheza harusini nawasalimu kwa majina yao, hasa wale walioniimba kwamba kaka wa bibi harusi ana mabega ya punda. Mungu akulinde katika nyumba yako, na kwa dini yoyote utakayomwitia.

Sasa navaa viatu. Mtaa wake naufahamu.

Ni mimi kaka yako,
Frednand