Shamba la Baba Limebaki Kwangu

Lurujo, Koboko,
Uganda.
16 Desemba 1990

Mpendwa dada Paska,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Wewe na shemeji mnaendeleaje huko Bunia? Kifua cha mtoto kimepona? Sisi tu wazima, na mvua ilitukumbuka mwaka huu.

Dada, nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu. Shamba la baba limebaki kwangu.

Unajua tangu turudi kutoka ukimbizini baba mdogo Abiriga alitaka kumpa mwanawe shamba hilo. Hakuwa na chuki. Aliuona mgongo wangu ulivyozidi kupinda, bega moja juu, mbavu za kulia zimetokeza, akaogopa nitakufa njaa juu ya ardhi nzuri. Kwenye kikao cha ukoo alisema, "Shamba inataka mutu ya kuinama. Kiden hawezi kuinama." Niliomba msimu mmoja tu wa kujaribu. Wazee wakakubali, nadhani kwa huruma.

Nikaenda hospitali Arua. Daktari alinipiga picha ya mifupa, akanionyesha uti wa mgongo ulivyojikunja kama nyoka. Aliniambia wazi kwamba kwa umri wangu hautanyooka tena. Nililia, sikufichi. Nilipomwuliza kama basi nikae tu, alikataa; misuli ikilegea ndipo nitaumia zaidi. Nifanye kazi, ila nisiiname muda mrefu, na maumivu yakianza nilale chali.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi Andama, akalitia jembe langu mpini mrefu wa kunifika kifuani. Nililima nimesimama, nikapanda ufuta. Palizi nilifanya kwa magoti, juu ya gunia. Nikichoka natandika mkeka palepale shambani, nalala natazama mawingu. Mpita njia mmoja alimwita jirani yangu Santa aje aone kama nimekufa. Santa alikuja, akajilaza kando yangu, tukacheka mpaka mbavu zikanichoma.

Kuna siku pumzi ilinikatika, nikatamani kuacha. Nikapumzika, nikarudi.

Ufuta ulikubali, dada! Juzi baba mdogo alikuja na wazee, akazunguka shamba lote, akagusa miganda niliyoisimamisha ikauke. Kisha akaomba lile jembe, akalima kidogo. Alipoinua uso aliwaambia wazee, "Hata mimi mugongo inaniuma, siku mingi. Sikuwa nasema." Akanirudishia jembe. "Shamba iko ya Kiden. Maneno imekwisha."

Kesho yake alikuwa kwa Andama, anaagiza mpini.

Mgongo bado unauma, hasa asubuhi, na gauni bado linaninginia upande. Lakini nimeanza kukata nyasi za kuezekea nyumba yangu mwenyewe, hapohapo shambani. Njoo na watoto ukiweza. Ufuta wa kusaga upo.

Nisalimie shemeji Romano na mama mkwe. Santa na binti yake Hawah wanakusalimu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kiden