Koloni Halina Kiti

Jumatano, 10 Oktoba 2018

Muhula wa mwisho umeanza. Historia: Vita Kuu ya Kwanza. Sura yote nilishaisoma wakati wa likizo, pamoja na vitabu viwili vya maktaba. Nilikwenda darasani na furaha yangu ya siri, kama mtu mwenye pipi mdomoni.

Ma'am Dlomo ni mwalimu mpya. Haandiki ubaoni. Amesema vita tutaicheza wenyewe mpaka Novemba, kwa sababu Novemba inatimia miaka mia tangu iishe. Kila mtu alitia mkono kwenye kopo la aiskrimu akatoa karatasi yenye jina la nchi. Viti vimepangwa duara, na nchi zilizoahidiana kusaidiana zinafungwa uzi wa sufu, kiti kwa kiti. Uzi mwekundu kwa Uingereza na wenzake, wa buluu kwa Ujerumani na wenzake.

Nilikuwa wa mwisho. Kopo likawa tupu.

Ma'am akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Tanga, Tanzania, kwa sauti ndogo mpaka akaniuliza tena. Basi wewe ni Afrika Mashariki ya Wajerumani, akasema. Nikauliza kiti changu kiko wapi. Koloni halina kiti, akasema — si kwa ubaya — koloni linasimama nyuma ya mwenye nalo.

Kwa hiyo nasimama nyuma ya Ujerumani. Ujerumani ni Lindokuhle, ambaye alisinzia kipindi kizima.

Héritière ametoa Ubelgiji. Darasani wanamwita Terry. Hakuniangalia.

Naandika Kiswahili kwa sababu hapa Afrika Kusini, katika darasa letu, hakuna anayeweza kukisoma. Yupo mmoja tu, naye anajifanya hakijui.

Ijumaa, 12 Oktoba

Baba amerudi kutoka dukani kwake Mayfair, upande wa pili wa mji, na sambusa za Kisomali. Ijumaa huwa na moyo mzuri baada ya msikiti, ndipo nikamwuliza kama Tanga kulikuwa na vita.

"Vita ya nani?"

"Ya Waingereza na Wajerumani."

Akacheka. Alichosikia utotoni ni habari ya nyuki tu. Waingereza walishuka Tanga na askari wao wa Kihindi, nyuki wakawatimua. Akawaigiza kwa mikono, mpaka mama akamwambia, Burhani, sambusa inakuangukia.

Nikauliza watu wa Tanga walikuwa upande gani. Hapo akaweka sambusa chini. Akasema hajui, pengine upande wa kubeba mizigo.

Mama akauliza mbona yule mwenzangu wa Kikongo haji tena nyumbani. Nikasema ana masomo mengi.

Jumanne, 16 Oktoba

Leo vita imeanza.

Mrithi wa ufalme wa Austria alipigwa risasi kule Sarajevo. Austria akavuta uzi wake kwa hasira dhidi ya Serbia. Serbia alikuwa na mkubwa wake, Urusi. Urusi akainuka, Ujerumani akainuka, Ufaransa akainuka kwa sababu ya Urusi. Viti vikaburuzwa sakafuni, na darasa la jirani likagonga ukuta tunyamaze. Lindokuhle aliamka na kuuliza anapigana na nani. Ma'am akasema, karibu kila mtu. "Eish," akasema, "mimi nilikuwa nimelala tu."

Ma'am akauliza nani alianzisha. Wote walijibu kwa pamoja, kila mtu akimtaja mwingine. Mimi nilikuwa na jibu langu na sikulisema. Naona kila nchi iliogopa kuja kubaki peke yake. Ndiyo maana walifungana nyuzi nyingi hivyo.

Halafu Ubelgiji. Nchi ndogo, haiko upande wa mtu. Ujerumani akataka kupita kwake ili amfikie Ufaransa. Lakini Uingereza na wengine walikuwa na ahadi ya zamani kwamba Ubelgiji asiguswe, ahadi ya kwenye karatasi kuukuu ambayo Wajerumani hawakuamini mtu angeifia. Uingereza ni Thandeka. Aliinuka, akaenda kusimama kando ya Héritière, akamshika bega. Darasa likapiga makofi. Héritière alitabasamu, tabasamu lake la kweli, lile la meno yote.

Mimi na yeye tulikuwa na ahadi pia. Mwaka jana, shule ya msingi hapa mtaani kwetu Yeoville, wavulana wa getini walikuwa wanatuita makwerekwere, wageni tuliokuja kula vya watu. Tukakubaliana kwamba mmoja akisumbuliwa, mwingine anakuja kukaa naye. Si kupigana, kwa sababu hatujui kupigana. Kukaa tu. Tulikaa sana mwaka ule.

Januari tukaingia sekondari hii ya mjini. Wiki ya kwanza nikamsikia akiwaambia wasichana kwamba yeye ni Terry wa Durban, mwenyeji kama wao. Kizulu chake ni kizuri kuliko changu. Wakamwamini.

Alhamisi, 18 Oktoba

Break maktabani tena. Mwenye maktaba ameacha kuniuliza kwa nini sitoki nje.

Thandeka alisema darasani kwamba koloni linanuka bizari. Watu wakacheka. Ubelgiji akacheka pia, kidogo, kwa kuchelewa.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mama alinituma nikasuke nywele. Nasuka kwa mama yake Héritière, Mama Léocadie, tangu tulipohamia Yeoville. Nyuma ya saluni yake kuna pazia la maua. Alilitundika kwa ajili yetu wasichana wa Kiislamu, tusivue mtandio mbele ya watu. Ukiwa nyuma ya pazia unasikia kila kitu, na hakuna anayekuona.

Nilitaka kukataa. Ningemwambia mama sababu gani?

Nikamwamkia shikamoo. Akacheka kama siku zote. "Marahaba, marahaba. Batu ya Tanzania na heshima yenu. Kaa pale, inamisha kichwa."

Alikuwa amemaliza upande wa kushoto. Upande wa kulia bado umesimama wima. Mlango ukafunguliwa, akatoka kwenda kutazama, akabaki nusu ndani ya pazia nusu nje. Nikasikia sauti ya Héritière. Halafu ya Thandeka. Halafu vicheko. Kiingereza chote.

Mtandio wangu Mama Léocadie alikuwa ameutundika nje ya pazia, kwenye msumari karibu na kioo, ule wa shule wenye pini ya kipepeo. Thandeka akautambua. Si ni wa yule kwerekwere? Rafiki yako?

Hapana, Héritière akasema. Simjui. Labda ni mteja.

Na huyu mama?



Huyu ndiye anayetusuka, Héritière akasema. Nimekuja kuchukua simu yangu niliyoisahau.

Mimi nilikuwa naona mgongo wa Mama Léocadie tu, na kitana mkononi mwake. Mgongo haukusogea. Halafu akasema kwa Kiingereza chake kwamba simu iko pale, darling, na Jumanne uje tukusuke. Akacheka kile kicheko chake cha wateja.

Wakatoka. Mimi nisingeweza kutoka, nusu kichwa, bila mtandio. Akarudi akaendelea kusuka. Alivuta mpaka macho yakanitoka machozi, na nikashukuru kwamba anavuta, kwa sababu machozi yalipata kisingizio.

Alipofika nyuma ya sikio akasema, "Usibebe ku roho, Shufaa."

Nikasema sijabeba.

"Ni miye nilimufundisha. Kule Soweto, wakati ya kufukuza bageni, walivunja boutique ya baba yake, na yeye alikuwa chini ya meza. Nikamuambia, inje usiseme Kiswahili. Mbele ya batu usiniite mama. Nilimufundisha kuvuka barabara, nikamufundisha na hiyo."

Akafunga msuko wa mwisho.

"Sikujua atashika vizuri hivi."

Jumapili, 21 Oktoba

Sikutoka. Misuko inauma kila nikigeuka. Nyumbani nimesema ni kwa sababu imebana.

Kuna jambo nalifikiria tangu jana, na aibu yake ni yangu peke yangu. Ningeweza kumwita kwa Kiswahili, mara moja tu, katikati ya darasa. Héritière, mama yako anakusalimu. Durban yake ingeisha palepale.

Jumanne, 23 Oktoba

Leo Italia amehama. Alikuwa amefungwa uzi wa buluu na Ujerumani na Austria tangu kabla ya vita. Vita ilipoanza akasema haimhusu. Mwaka 1915 akaenda upande wa pili, kwa sababu aliahidiwa ardhi. Ma'am alimpa mkasi akate uzi mwenyewe. "Lakini tulikubaliana," Lindokuhle akalalamika, safari hii akiwa macho, na watu wakacheka sana.

Nilipokuwa nasoma likizo nilimchukia Italia. Leo nilimtazama Héritière akitazama ramani, nikajiuliza siku ile chini ya meza alisikia nini.

Sikumwita. Lakini sijasema kwamba sitamwita.

Ijumaa, 2 Novemba

Tumefika 1916. Kumbe askari wa Afrika Kusini walikwenda mpaka kwetu kupigana upande wa Uingereza. Darasa halikujua. Mmoja akauliza, tulishinda? Ma'am akasema wengi waliugua malaria na kurudishwa nyumbani, na kwamba wapagazi Waafrika walikufa wengi zaidi kuliko askari, na majina yao mengi hayakuandikwa popote. Watu wakanigeukia. Sikujua niweke uso gani.

Wabelgiji nao walishuka kutoka Kongo, na askari wao Wakongo, wakateka Tabora. Kwa hiyo ilibidi Ubelgiji aje nyuma ya kiti cha Ujerumani anifunge uzi mwekundu kwenye mkono.

Héritière alikuja. Alisimama karibu kama zamani. Ananukia mafuta ya saluni ya mama yake, yaleyale, na hakuna mwingine darasani anayejua harufu hiyo inatoka wapi. Alifunga fundo legevu sana, ningeweza kutoa mkono nikitaka.

Mpaka kengele inalia sikuutoa.

Alhamisi, 8 Novemba

Urusi ametoka vitani, mapinduzi yamemkuta nyumbani kwake. Marekani ameingia, na kiti chake kikubwa na kelele zake. Wa buluu wanaanguka mmoja mmoja. Jumatatu ni siku ya mkataba.

Nimepita mbele ya saluni. Mama Léocadie alikuwa peke yake, anafagia nywele. Alinipungia kitana. Nilimpungia nikaendelea.

Jumapili, 11 Novemba

Miaka mia. Kwenye televisheni wakubwa wa dunia wamesimama Paris kwenye mvua, miamvuli myeusi. Waliokuwa maadui wamekaa bega kwa bega. Baba akahamisha akaweka mpira.

Nimesoma kwamba siku ile vita ilipoisha, kwetu haikuisha. Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa porini na wapagazi wao, habari zikachelewa kuwafikia. Hata waliposikia, zilipita siku nyingi kabla ya kuweka silaha chini. Huku Ulaya wanapiga kengele, kule mtu bado amebeba sanduku la risasi kichwani, kwa sababu hakuna aliyemwambia atue.

Nimerudia ukurasa huo mara nyingi leo.

Jumatatu, 12 Novemba

Maktabani, break. Naandika haraka, kipindi kinaendelea baada ya kengele.

Mkataba. Ma'am amekata nyuzi zote kwa mkasi akafunga upya. Austria amegawanywa vipande. Italia amenuna, hakupewa alichoahidiwa. Ujerumani hakualikwa mezani, kwa hiyo Lindokuhle alinyang'anywa kiti akaja kusimama kando yangu ukutani. "Sasa niko kama wewe," akasema. Akanipa nusu ya chipsi zake kwa siri. Ni mara ya kwanza tumeongea.

Kisha zamu ya ardhi yangu. Tanganyika kwa Uingereza, Rwanda na Burundi kwa Ubelgiji. Kabla hawajagawa, Ma'am akasema koloni halijasema neno muhula mzima, basi liseme, na liseme kwa lugha yake.

Nikasema, "Nimesimama hapa tangu mwanzo. Hakuna aliyeniuliza niko upande wa nani."

Mtu nyuma akaniiga, bla-bla-bla, wakacheka. Ma'am akawanyamazisha. Akauliza, nani anaweza kututafsiria? Yupo mwingine humu anayejua Kiswahili?



Héritière alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Thandeka alikuwa kando yake, bega kwa bega. Sikuhitaji hata kusema. Ningemgeukia tu, kwa macho, na darasa lote lingegeuka pamoja nami. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo tangu siku ya pazia. Ilikuja kwa miguu yake, na mwalimu ndiye aliyeileta.

Nikatazama ramani. Nikasema, "Hakuna, Ma'am. Ni mimi peke yangu."

Nikatafsiri mwenyewe. Safari hii hawakucheka. Ma'am akamwambia Ubelgiji achukue sehemu yake. Héritière akainuka, akanyoosha mkono kwenye ramani, akaurudisha. Ma'am akamwuliza kama anaumwa. Kengele ikalia. Ma'am akasema tutamalizia baada ya break.

Nilikuja huku moja kwa moja. Kiti changu, dirisha langu.

Mlango umefunguliwa sasa hivi. Ni yeye. Hajawahi kuingia humu mwaka huu. Kipande cha uzi bado kinaning'inia mkononi mwake.

Nimeinamisha kichwa naandika, nisionekane namtazama. Anakuja. Nje Thandeka anaita, Terry, Terry, unakwenda wapi huko? Hajamjibu. Macho yake yamekuwa mekundu.

Ameshika kiti kilicho mbele yangu. Bado hajakaa.