Clifford Ormerod: Mwaka Mzima Hujapiga Simu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ufe bila kupiga simu.

Miaka arobaini na mitatu ulikuwa ukiuawa kazini. Katika filamu zako hukuigiza shujaa hata mara moja. Ulikuwa mtumishi wa jumba kubwa, karani wa wakili, padri mwenye siri, yule anayekufa mapema ili mpelelezi apate la kufanya. Ulitiliwa sumu, ukasukumwa ngazini, ukazamishwa kwenye beseni la kuogea. Na kila ulipokwisha kufa, ulifuta rangi usoni, ukatafuta simu, ukampigia Mama huku nyumbani, mjini Todmorden.

"Beryl, nimeshakufa. Weka birika."

"Leo wamekuulia nini?"

"Supu ya uyoga."

"Ndiyo faida ya kula kula kwa watu! Pai yangu iko ovenini. Ikiungua, utakufa mara ya pili."

Watu waliujua uso wako, jina hawakulijua. Yule mama wa sokoni aling'ang'ania kwamba wewe ndiwe fundi uliyemwekea bomba la jikoni. "Bado linavuja?" ukamuuliza. Akasema linavuja sana. Ukaenda kwake na spana, ukalikaza, ukala biskuti zake, wala hukumwambia wewe ni nani. Masharubu yako ya bandia yamo bado kwenye mkebe wa tumbaku. Imogen, mjukuu wako, huufungua akanusa, kisha akaufunga upesi.

Kifo hakina hodi, wanasema. Ile Jumanne ya Novemba ulitufukuza wodini. "Nendeni mkanywe chai. Mnanikodolea macho kama mmelipa kiingilio!" Tukashuka sote. Tuliporudi, muuguzi alikuwa ameshavuta pazia. Chai ile inatuuma mpaka leo.

Mama alirudi nyumbani akakaa karibu na simu ya koridoni, koti mwilini. Tangu siku hiyo birika hajaligusa. Maji ya chai huyachemsha kwenye sufuria. Simu hataki mtu aitumie, isije ukapiga ukakuta ina mtu. Mwanao Keith alipomwambia twende kwa wazishi waliokuchoma, tukachukue majivu yako, alimtazama kama mtoto aliyesema ovyo.

"Hajapiga."

"Mama, Baba amekufa."

"Amekufa mara thelathini na moja, Keith, na kila mara alipiga."

Basi majivu yako yakakaa mwaka mzima kwenye rafu ya watu baki, nasi tukaona haya hata kupita mtaa ule.

Jumapili mchana televisheni hurudia zile filamu zako za zamani. Mama huzitazama zote, ila huzima televisheni kabla hujafa. "Bado mzima," husema, akainuka kwenda kumenya viazi. Kwa hiyo nyumbani kwetu umesimama mpaka sasa katikati ya ngazi, na kijiko chako hakijafika mdomoni. Tunatembea taratibu, Baba, kama kuna mgonjwa chumba cha pili.

Jumapili iliyopita ilikuwa ile ya supu. Mwanao Hilary aliona Mama anachelewa, akanyoosha mkono ili amsaidie kuzima.

"Acha," Mama akasema.

Ulikunywa. Ulijifuta mdomo kwa kitambaa, ukatazama dirishani vile ulivyotazama mvua yetu hapa kila asubuhi, kisha ukalaza kichwa mezani kando ya sahani. Hapo sote tukageuka kuitazama simu, hata Keith asiyeamini chochote. Tuliisubiri. Mungu atusamehe, tuliisubiri kwa dhati. Haikulia.

Mama alisimama, akanyoosha sketi yake.

"Hilary," akasema, "ameshakufa. Weka birika."

Jumamosi hii, saa tano asubuhi, tutakuja kukuchukua. Utazikwa nyuma ya kanisa la juu kilimani, karibu na mama yako. Wote waliokufahamu, na wote wanaodhani uliwatengenezea bomba, wanakaribishwa nyumbani baadaye kwa chai na pai.

Unakumbukwa na mkeo Beryl, wanao Hilary na Keith, mjukuu wako Imogen, ndugu yako Stanley, na wenzako wote mliouawa pamoja.

Hutatutoka moyoni, Baba. Simu ya koridoni hatujaikata.