Klipu ya Mpira wa Rejeta

Mwanangu,

Gari liko nje, linatembea. Ufunguo uko juu ya friji. Kesho ongeza maji kabla hujaliwasha.

Asubuhi uliponiachia gari limechemka pale kona, ukakimbilia basi, nilifungua boneti nikacheka peke yangu. Wale waliokuuzia gari, na kompyuta zao zote, wamebadilisha mpira wa rejeta wakasahau kukaza klipu! Wiki nzima nimekununia kwa kulipeleka kwao, ukaniacha mimi, fundi wa miaka arobaini. Nikasema, leo utanikoma.

Bisibisi ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena. Mkono unatetemeka kama si wangu. Mwishowe muuza magazeti akaikaza klipu, mara moja tu, akaniambia, "Pole, mzee."

~~Jumamosi nitakuja kulikagua tena.~~

Sanduku langu la spana liko chini ya meza. Mpe atakayelihitaji.

Kumbe mkono huu ulishauona siku nyingi. Ndiyo maana ukaniambia eti garantii hairuhusu fundi mwingine kuligusa. Nimeisoma leo, ilikuwa kwenye droo ya gari. Iliisha mwaka juzi.

Asante kwa kunidanganya.

Baba