Mashine Niliyotangulia Kuinunua

Jumanne, Kihesa. Upepo wa mwezi wa saba umeamka kabla yangu. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kushika sindano.

Leo nina wivu. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili nisije nikajificha nyuma ya maneno mazuri.

Ninayemwonea wivu ni Zainabu, mke mwenza wangu aliyeko Mbeya. Nilidhani mume akifa, wivu wa uke wenza nao unazikwa naye. Baba Rehema alitutoka mwaka jana. Eda tumemaliza, mirathi imegawanywa, na ile thumni ya wake, sehemu moja ya nane, tumeikata katikati, nusu yake nusu yangu. Hakuna tena wa kugombea.

Kumbe wivu hauhitaji mtu wa kugombea.

Zainabu alinipigia wiki iliyopita, sauti imejaa furaha. Amepata friji kubwa la mlango wa kioo, la kuuzia maziwa na juisi pale dukani alipoachiwa. Amelipata kwa simu, bila riba. Benki imelinunua kutoka kwa muuzaji, likawa lao, kisha wakamuuzia yeye kwa bei waliyokubaliana tangu mwanzo. Analipa kidogo kidogo. Akichelewa, bei haiongezeki. Wanaita murabaha. Jina nilishalisikia msikitini zamani, kwenye mawaidha. Sikujua kwamba siku hizi linakaa ndani ya simu.

"Dakika kumi, dada," akasema. "Wala sikuinuka kwenye mkeka."

Miaka kumi na moja nimemwomba Baba Rehema mashine ya ovaloki, ile inayofunga ncha za kitambaa nyuzi zisichomoke. Nashona sare za shule ya msingi ya Kiislamu iliyo huku kwetu, na kila hijabu naikunja ncha kwa mkono. Majirani zangu Walutheri wana kikundi chao, wanakopa, wanarudisha na kilichozidi, na maisha yanasonga. Mimi nilikuwa nawaangalia tu. Baba Rehema hakutaka riba iingie nyumbani hata kwa mlango wa uani. Biashara yake mwenyewe aliifanya Madibira na mkulima mmoja Msangu: huyu anatoa mtaji, yule anatoa shamba na jasho, mchele ukivunwa wanagawana, mafuriko yakija wanalia wote wawili. Hawakuwahi kuandikiana karatasi.

Nikimkumbusha habari ya mashine, alikuwa anashika glasi ya chai kwa mikono miwili, anapasha viganja, halafu anasema polepole, "Subira, mama Rehema. Njia ya halali ikipatikana, wewe utakuwa wa kwanza."

Basi siku ile kwenye simu nikamuuliza Zainabu ni nani aliyemwonyesha hiyo njia.

"Si marehemu mwenyewe? Alikaa hapahapa barazani na simu yake, akaenda kumuuliza na sheikh, akaridhika."



Alifia kwa Zainabu pia. Hilo nililikubali, nilimwachia Mungu. Lakini hili la simu sikuweza kulimeza. Mtu aliyeniambia miaka yote kwamba njia hakuna, njia ilipopatikana akaipeleka Mbeya.

Zainabu akaanza kunielekeza. "Ila dada, usinunue chochote kabla hawaja..." Nikamkatiza, nikamwambia salio linaniishia. Na aliyepiga ni yeye.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mjini, dukani kwa Bwana Sanga anayeuza vyerehani. Nikatoa sehemu yangu ya mirathi, nikalipa nusu ya bei. Kwa kuwa ananifahamu, akaniruhusu kuondoka na mashine, nusu iliyobaki nimpe kabla mwezi haujaisha. Nyumbani nikaipigia picha, nikapiga picha risiti yenye jina langu, nikapiga picha kitambulisho, nikatuma vyote kwenye programu ya benki iliyo kwenye simu, ili wao walipe nusu iliyobaki. Nilijiona mjanja kweli. Nilisema moyoni, Zainabu atajua kwamba na huku Iringa tuna vidole.

Baada ya siku mbili akanipigia binti wa benki, mpole sana.

"Mama, hii mashine sasa hivi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ndiyo tatizo lenyewe, mama. Hatuwezi kukuuzia kilicho chako. Hapo tutakuwa tumekupa fedha tukadai zirudi na nyongeza, na hiyo ndiyo riba unayoikimbia."

Nilikaa kwenye kiti cha kushonea, mashine imenikodolea macho. Mafundisho hayo nimeyasikia tangu nikiwa msichana. Anayeuza kitu lazima kwanza akimiliki. Mtoto wa madrasa anajua. Lakini wivu ulinitangulia mlangoni.

Na mwezi unayoyoma. Mwalimu mkuu ameshasema kwamba hijabu zisipokuwa tayari shule inapofunguliwa, ataagiza Dar, na akishaagiza Dar mara moja hatarudi kwangu. Nikiipoteza ile kazi ya sare sina nyingine. Mahari ya binti yangu Rehema siwezi kuila, na hata hivyo bado hajaposwa, yuko Dodoma anasoma.

Leo nimeirudisha mashine. Nimeikodia bajaji, nimeipakata njia nzima kama mgonjwa.

Bwana Sanga alitoka nje ya duka, akashika kiuno.

"Mama Rehema, unairudisha leo ili uje kuichukua wiki ijayo?"

"Ndiyo."

"Hiihii?"

"Hiihii."

"Na bei itapungua?"

"Itapanda kidogo. Benki nayo ipate faida."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Mimi Mkinga, mama. Biashara nimezaliwa ndani yake. Ya namna hii sijawahi kuiona."

Nikamwambia tofauti ni moja. Benki wakishainunua kwake, ikianguka na kuvunjika kabla haijanifikia, hasara ni yao. Mkopo wa kawaida hauna habari na kitu kuvunjika, wewe utalipa tu. Hapo akaacha kucheka. Akairudisha ndani mwenyewe, akanihesabia fedha zangu zote, akasema ataiweka pembeni mpaka Jumatatu. Lakini naye lazima aandikishwe kwenye mfumo wao kama muuzaji, na wakala anayeandikisha watu wa nyanda hizi yuko Mbeya.

Nilijua nani anamfahamu wakala huyo.

Nimempigia Zainabu nikiwa nimekaa pale dukani, juu ya boksi. Nimemweleza yote bila kuruka. Nilingojea anicheke, na kweli amecheka, lakini si kicheko nilichokuwa nimejiandaa nacho.

"Dada! Na marehemu alifanya hivyohivyo!"

Anasema marehemu alikwenda kununua mzani wa dukani, akalipa, akarudi na risiti yake akaituma benki kwa mbwembwe. Wakamkataa. Mzee mzima, aliyezoea kuwasahihisha watu msikitini, akakaa barazani ameshika kichwa, halafu wakacheka wote wawili mpaka machozi. Akamwambia Zainabu asinigusie mimi kwanza. Alitaka aijue njia hiyo vizuri, asikosee tena, ndipo aje kunifundisha. Wiki mbili baadaye akaugua.

Nilidhani habari hiyo itanituliza. Imenituliza kidogo. Kisha wivu umerudi na sura nyingine.

Mimi sikuwahi kumwona Baba Rehema amekosea. Hapa Kihesa alifika kila kitu akiwa ameshakijua: nauli, dawa, aya, bei ya mchele. Nilimheshimu, nikampigia pasi kanzu, nikampikia. Akikosea, alikosea Mbeya. Zainabu alimwona ameshika kichwa akamcheka, na yeye akakubali kuchekwa.

Je, ni yeye aliyeogopa kukosea mbele yangu, au ni mimi niliyemfanya aogope? Zile siku zake za kuwa kwangu nilizitumia kumhesabia siku alizokaa kule. Sijui angenionyesha simu saa ngapi.

Nimeliandika swali lenyewe nilione.

Wakala atakuja Alhamisi kumwandikisha Bwana Sanga. Zainabu amesema atamsindikiza, asije akapotelea mjini. Nikamwambia basi wewe ulale hapa, usirudi siku hiyohiyo. Ameitikia, "Haya, dada." Tangu aolewe hajawahi kulala nyumbani kwangu.

Nitampikia wali na maharage ya Kilolo. Tukishamaliza habari za benki nitamwomba anisimulie siku ile ya mzani, tangu marehemu alipotoka na fedha mpaka walipofuta machozi. Bado ninamwonea wivu kwa siku hiyo. Ila yeye peke yake ndiye aliyenayo, na mimi naitaka.