Nilipanda Jukwaani Kumfuta Jasho Mtumishi

Jumapili asubuhi. Theluji imeanguka tena hapa Hopkins, na mimi nimeamka na aibu.

Jana jioni binti yangu Furaha, wa miaka kumi na sita, aliigiza shuleni kwao. Ni komedi ya Kiingereza ya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na mwandishi wake aliitoa kwenye mchezo wa Kifaransa. Furaha ndiye aliyecheza mtumishi wa kike, mjanja kuliko mabwana zake wote.

Huo mchezo wa Kifaransa niliusoma sekondari, kwetu Bukavu. Nikautafuta maktaba. Wiki tatu tumekaa jikoni tukiisoma michezo yote miwili, yeye na Kiingereza chake, mimi na Kifaransa changu, tukicheka mahali palepale. Tangu tufike nchi hii diploma yangu haijanifaa hata siku moja. Natandika vitanda katika hoteli moja, mji wa Bloomington. Lakini huyu mtoto, ambaye kila nikimwita huitikia kwa Kiingereza, alikuwa ananiuliza, "Mama, hapa kwa Kifaransa wanasema namna gani?"

Nilijiona mtu.

Ndiyo maana jana nilijisahau. Kanisani kwetu mtu akiimba vizuri hatumwachi peke yake na jasho lake. Unapiga vigelegele, unakwenda mbele, unamfuta uso. Basi Furaha alipomaliza maneno yake marefu ya kumdanganya bwana wake, miguu ilinipeleka yenyewe. Nilikuwa tayari jukwaani, kitenge mkononi, namfuta paji la uso, ndipo nikasikia jinsi ukumbi ulivyonyamaza. Kijana aliyecheza bwana alisahau maneno yake.

Furaha hakuacha kuwa mtumishi. Alimgeukia yule kijana, akamwambia kwa Kiingereza: "Bwana, huyu ni mama yangu. Amekuja kuona kama mnanitunza vizuri." Watu walicheka, wakapiga makofi. Nikashuka, uso unaniwaka.

 Ndani ya gari nilimwomba msamaha mara mbili, akawa anatazama dirishani tu.

Nakiri hapa, maana sina wa kumwambia: nililia. Wale watu kunicheka si kitu, nimeshachekwa sana. Niliogopa kwamba zile wiki tatu nimezivunja kwa mikono yangu mwenyewe, na kwamba mwanangu hataniuliza kitu tena.

Leo saa nane mchana wanacheza mara ya mwisho. Nilikuwa nimeshaamua kubaki nyumbani, nisimwaibishe tena. Sasa hivi ametoka chumbani, amekaa karibu yangu, akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno:

"Mama, utakuja. Lakini kama unataka kupanda, ngoja kwanza nimalize kusema."

Nitangoja, mwanangu. Nitangoja hata pazia lifungwe.