Mama Somoe, Bendera Imeshushwa

Mama yangu Somoe,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika tena, lakini sijui kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwa hiyo usishangae mistari ikipinda.

Mama, Mwingereza ameondoka. Mjerumani uliyemjua aliondoka zamani, akaja huyu, na sasa naye bendera yake imeshushwa hapa Songea, mchana kweupe, mimi nikitazama. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na kiwanja kizima kilikuwa tope. Hakuna aliyejali. Vijana walicheza ngoma ya lizombe mpaka matope yakawafika magotini. Nililia. Nililia kwa sababu umekosa siku hii kwa masika sita tu.

Kisha mwenyekiti wa sherehe akasema wazee walioiona vita ya Maji Maji wasogee mbele. Tulisogea wanne, wanaume watatu na mimi. Kila mmoja wao alimtaja baba yake, au kaka yake, aliyenyongwa au kupigwa risasi. Zamu yangu ilipofika nikamtaja baba, aliyetoka Matogoro na mkuki wake, akaamini maji, asirudi. Watu wakadhani nimemaliza. Nikasema, "Bado. Yupo mwingine, na yeye hakushika mkuki."

Nikawaeleza, Mama. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimesimama mbele ya watu na kukueleza.

Niliwaambia jinsi Wajerumani walivyochoma maghala yetu, na jinsi mama aliyenizaa alivyonishika mkono tukaifuata njia ya kwenda Lusewa kutafuta chakula. Tulikula ming'oko, mizizi ya mwituni tuliyochimba porini, ilipokwisha tukatafuna majani. Siku moja alikaa chini, akasema anapumzika kidogo. Hakuinuka. Mimi nilikaa naye, sijui siku ngapi.

Ndipo mkapita ninyi, wewe na Baba Athumani, mlioikimbia vita na sasa mnarudi kwenu Namasakata, Athumani anatembea, na mdogo wake mchanga yuko mgongoni kwako. Baba Athumani mwenyewe alinisimulia alipokuwa mzee, bila kujificha. Alikuambia, "Somoe, tunao wawili na hatuna cha kuwapa. Huyu wa tatu atatumaliza." Ukamjibu, "Basi fungu langu liwe lake." Ukaketi palepale njiani, mtoto wako ukampa ziwa moja, na mimi, msichana mkubwa wa kutembea, ukanipa lingine. Halafu mkamfukia mama yangu. Mlikuwa na njaa, lakini mlichimba.

Kabla hamjafika mbali mkakutana na askari wa Mjerumani. Hili nalikumbuka mwenyewe, ingawa maneno yake mlinieleza baadaye.

"Huyu wa nani?"

"Wangu," ukamjibu.

"Mbona hafanani na ninyi?"

"Amefanana na njaa, bwana."

Akainama kwangu, akauliza jina langu. Mimi nilijua Kingoni tu. Ningefungua kinywa angejua ni mtoto wa waasi. Ukamwambia upesi, "Ni bubu tangu kuzaliwa." Hakukuamini. Akakuchapa kiboko mbele yangu ili nipige kelele, niite kwa lugha yangu. Kimoja. Cha pili. Ulikuwa unanitazama tu, hukulia. Nami nikalia machozi bila neno. Baada ya cha tatu akachoka mwenyewe, akatuachia tupite.

Hapo ndipo nilipoishia, Mama. Katibu aliyekuwa anaandika majina ya wazee akaniuliza, mimi ni binti nani? Nikamwambia andika binti Somoe. Akasema hilo ni jina la mwanamke. Nikamwambia andika kama nilivyosema. Ameandika, nimeona kwa macho yangu.

Lakini liko jambo ambalo sikuwaambia wale watu.

Vita ilipopoa na mavuno yakarudi, ulinileta Matogoro kwa miguu kuwatafuta ndugu zangu. Ulisema, "Mtu asiyejua kwao anaishi kama mgeni mpaka anakufa." Tukamkuta shangazi peke yake. Mwezi mzima ulikaa naye, mkilima pamoja, bila lugha moja ya kuelewana vizuri, kisha tukarudi wote kwako Namasakata. Ungeweza kunificha kule kwako nisijue lolote. Hukufanya hivyo, na ndiyo sababu niliweza kukuumiza. Nilipopevuka, siku ile uliponikataza kwenda ngomani, nilikuambia, "Wewe si mama yangu, mama yangu amelala njia ya Lusewa." Ulipakua uji. Kisha ukasema, "Sawa. Njoo ule, uji unapoa." Basi. Hukulitaja tena, hata siku uliponiozesha huku Matogoro.

Lakini mimi neno lile limenikaa moyoni. Nisamehe, Mama. Nilitakiwa kulisema ungali hai, nikaona haya, na haya hiyo ikawa miaka.

Habari nyingine ni njema. Mjukuu wangu amejifungua mtoto wa kike siku ya tatu baada ya sherehe. Niliomba aitwe Somoe. Baba yake akakataa katakata, amemwita Uhuru. Nilinuna nusu siku, sikula, mpaka nikawaza jinsi ambavyo ungenicheka. Ana nguvu huyo mtoto! Akianza kulia majirani wote wanajua.

Asante, Mama. Sina neno lingine, nimelitafuta tangu asubuhi. Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko, na Baba Athumani pia, maana na yeye alichimba.

Nakuahidi hivi: nikimaliza kupanda mahindi, na mvua ikipungua, nitakuja Namasakata. Nitafyeka majani kaburini kwako kwa mikono yangu, nitakusomea barua hii. Kisha nitamlaza Uhuru pembeni yako, umwone.

Ni mimi mwanao,
Binti Somoe